Vidole Viwili Chini ya Futi

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na ya mama mfikishie nzima, usiimege njiani.

Nakuandikia kwenye karatasi kama ulivyoagiza. Kweli, kwenye simu mimi na wewe tunaulizana "unanisikia?" mpaka mtandao unachoka, halafu tunaagana bila kuambiana kitu.

Darasa limekwisha. Kwa miezi sita chuo kimetutawanya kwenye mafunzo ya kazi, na mimi nimepangiwa karakana ya nguo za wagonjwa, chini kabisa ya hospitali kubwa. Ni chumba kirefu chenye meza moja ya kukatia, cherehani saba, na dirisha lililo juu kiasi kwamba tunaona viatu tu vya wapita njia. Msimamizi wetu ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja ya kuangalia kitambaa na nyingine ya kutuangalia sisi. Nimempa jina la Bi. Milimita, kimoyomoyo. Jana alifumua mshono wangu wote kwa sababu ulihama kwa upana wa uzi.

Mwisho wa Agosti yeye ndiye atakayetia saini ripoti yangu. Akitia, nimemaliza chuo na narudi nyumbani na cheti. Asipotia, mwaka umekwenda na maji, na kibali changu cha kukaa huku kinaisha mwezi huohuo, kwa hiyo hakuna cha kurudia. Niombee.

Chumba changu kina kitanda, kiti, na bomba la maji moto linalokohoa kila asubuhi saa kumi na mbili. Sihitaji saa.

Jambo la mwisho, usikasirike. Lile shati lako la kahawia unalolitafuta ninalo mimi. Nalivaa kazini juu ya nguo zangu. Wenzangu wamenicheka, wanauliza ni fundi gani huyu asiyejua mshono wa mkono unapita wapi, mbona umezunguka nyuma. Nimewaambia ni baba yangu, na kwamba mashati yake yote yako hivyo, ndiyo mtindo wake tangu nipate akili.

Mwanao,
Sindano


17 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mama yako amepokea yake nzima, ameipima.

Kumbe shati unalo wewe! Wiki mbili nimemsingizia mama yako kwamba kalifanya dekio. Nimemwomba radhi, hajakubali bado, anasema anafurahia kuombwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti kwa ajili ya jirani yangu Kinyozi, ambaye alisimama na mashine mkononi mteja akiwa amenyolewa nusu. Kinyozi aliuliza swali ambalo hata mimi lilinikaa: nguo za wagonjwa ndiyo nini? Umevuka nchi zote hizo kwenda kushona mashuka? Mashuka nayajua, ni mistari minne na pindo. Nilifikiri utajifunza gauni, koti, vitu vya kumfanya mtu ageuke njiani. Sikusemi vibaya. Nauliza tu, maana watu wananiuliza mimi.

Huyo Bi. Milimita mheshimu. Mimi aliyenifundisha kazi alikuwa ananipiga rula ya mbao kwenye vidole, wewe unafumuliwa mshono tu na unalalamika.

Shati vaa. Mshono wake usiuguse.

Baba yako,
Fundi


2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Mwambie Kinyozi amalizie kichwa cha mtu, kisha mpe jibu. Si mashuka. Tunashona nguo za kubana za watu walioungua. Mtu akiungua, kidonda kikishapona, kovu hutaka kuvimba na kukakamaa, hata likauvuta mkono usinyooke. Basi tunamshonea nguo ya kitambaa kinachovutika, ndogo kuliko mwili wake, imkandamize usiku na mchana mwaka mzima au zaidi, na kovu linalala chini taratibu. Ikiwa ni mkono, inakuwa kama soksi ya mkono. Nilipoona picha za kabla na za baada, nilisema hii ndiyo kazi ninayoitaka. Niliukumbuka mkono wako pia, ingawa najua hupendi tuutaje. Ulituambia uliungua ukiwa kijana unajifunza kazi. Laiti wakati ule kungekuwa na nguo hizi.

Sasa habari kubwa: nimepewa mteja wangu mwenyewe! Ni msichana wa miaka sita, mkono wa kulia, kuanzia kifundo mpaka juu ya kiwiko. Alivuta waya wa birika la umeme, maji yakammwagikia. Nimemwita Bibi Maswali. Ndani ya robo saa aliniuliza kwa nini nywele zangu ziko hivi, kama nyumbani kwetu kuna mwezi, na kama sindano huwa zinahisi maumivu. Baba yake ni dereva wa basi, analeta mtoto akiwa na sare ya kazi na hakai kitini hata akibembelezwa.

Nilimpima mwenyewe, kila baada ya upana wa kidole kimoja, kipimo kipya, vipimo kumi na viwili. Nilishika futi ya kupimia kama ulivyonifundisha, vidole viwili chini yake, nikasikia sauti yako kabisa: "Ndani ya nguo mtu apate nafasi ya kucheka." Kompyuta inapiga hesabu ya kupunguza, sisi tunakata na kushona. Bi. Milimita aliangalia mshono wangu kwa miwani ya kitambaa na hakufumua kitu. Nilitamani kucheza.

Mwanao,
Sindano


15 Aprili

Mwanangu Sindano,

Marahaba.

Vidole viwili! Nimemwambia Kinyozi, nimemwambia muuza vifungo, nimemwambia hata yule mteja wangu wa suruali ambaye hakuwa na haja ya kujua. Mtoto wangu kaenda hospitali ya wenzetu na vidole vya baba yake. Mtu unaweza kumpeleka popote, mkono wa kwao haumwachi.

Kuhusu walioungua, sawa. Kila kazi ni kazi.

Mvua zimeanza, paa la duka linavuja palepale pa zamani, nimehamisha ile cherehani nyeusi. Mchora vibao alipita, nikaona nisingoje. Kibao kipya kiko juu ya mlango sasa hivi: FUNDI NA BINTI, herufi nyekundu, na mkasi pembeni. Mkasi umefanana zaidi na sungura lakini nimemlipa fedha zake hivyohivyo. Septemba ukirudi utakikuta.

Mama yako anasema andika kama unakula vizuri.

Baba yako,
Fundi


20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naendelea salama. Kazi ipo. Hali ya hewa imekuwa nzuri kidogo. Ninakula. Nashukuru kwa habari ya kibao.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao


1 Juni

Sindano,

Marahaba.

Mimi nimekaa dukani miaka thelathini na moja. Mteja akiniletea nguo imekunjwa vizuri, iko ndani ya mfuko, mfuko uko ndani ya mfuko mwingine, najua hata kabla hajaongea kwamba kuna mahali ameiharibu na anaona haya kunionyesha.

Barua yako iko ndani ya mifuko mitatu. Hukutia hata jina. Kwa karatasi ile ndogo umesema "salama," "nzuri," "nashukuru," kama unamwandikia mkuu wa wilaya. Bibi Maswali yuko wapi? Milimita kasema nini?

Toa nguo mfukoni, mwanangu. Sijawahi kumfukuza mtu dukani kwa ajili ya nguo iliyoharibika. Hao ndio wateja wenyewe.

Baba yako


14 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne.

Nimemharibia Bibi Maswali mkono.

Wiki sita baada ya kuvaa ile soksi ya mkono alirudi kwa daktari, na kovu badala ya kulala lilikuwa limeinuka na kuwa jekundu, limekaza kwenye kiwiko. Daktari alimwita Bi. Milimita, naye alichukua futi akampima mtoto upya, mbele yangu, akaweka karatasi yake kando ya yangu. Vipimo vyangu vyote kumi na viwili vilikuwa vimezidi, na vimezidi kwa kiasi kilekile, kuanzia kifundo mpaka juu. Akavua miwani. Akasema, "Sijawahi kuona mtu anakosea kwa usahihi namna hii." Kisha akaniomba nimpime yeye mkono wake. Nilipoingiza vidole viwili chini ya futi, akavitazama, akasema, "Hivyo hapo."

Kompyuta ilipunguza kweli, Baba, lakini ilipunguza kutoka kwenye mkono mnene ambao mtoto hana. Nilimshonea nafasi ya kucheka. Nguo ile haikumbana hata kidogo, na ndiyo maana aliipenda. Sikufanya kwa uzembe, na hilo ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa najivuna.

Sikukuambia kwa sababu ya kibao. Ungekuja kujua kwamba mkono wa kwetu ndio ulioharibu kazi.

Tangu siku ile sishiki futi. Nakata nyuzi, nafagia, nahesabu vifungo. Bi. Milimita amenipa nafasi moja: nimtengenezee Bibi Maswali mkono mwingine, nipime mbele yake. Nimeshapima, vidole nimekunja ndani ya ngumi, vipimo ni sawa. Lakini nguo mpya inabana kweli, na mtoto haivai. Inamkwaruza kwenye mkunjo wa kiwiko. Baba yake anasema anaivua chini ya meza, amewahi kuitia ndani ya kiatu. Kwenye mkunjo huo ndipo mshono wa mkono unapopita kwa mtindo wetu wa karakana. Nimejaribu uzi laini, nimejaribu kubandika kitambaa cha pamba, inakwaruza vilevile. Kuilegeza siwezi, nikilegeza narudi kulekule. Tarehe thelathini na moja Julai Bi. Milimita ataamua. Kama mtoto bado haivai, ripoti yangu haitapata saini na nitarudi nyumbani mikono mitupu. Na huyo mtoto atabaki na mkono usionyooka, jambo ambalo ni kubwa kuliko cheti changu.

Kuna kitu kingine. Juzi dereva aliniuliza swali mtoto akiwa ameenda kunywa maji. Alisema, "Siku akiwa mkubwa akaniuliza ilikuwaje, nimwambie nini? Nimwambie ni yeye aliyevuta waya?" Swali hilo nakuletea wewe. Wewe una kovu na una watoto. Tulipokuwa wadogo tulikuuliza, ukatujibu, nasi tukaridhika. Mtu anajibuje?

Sindano


26 Juni

Mwanangu,

Mimi leo ni mama, si salamu za pembeni. Baba yako hajui kama naandika. Nimewapa watoto wa darasa la tatu insha ndefu ili nipate kimya.

Barua yako ilifika Jumatatu. Aliisoma amesimama, mlangoni, chini ya kile kibao chake. Kinyozi akaja kutega sikio kama kawaida na kwa mara ya kwanza akaambiwa hii haisomwi. Kisha baba yako akafunga duka saa sita mchana. Unajua mara ya mwisho kufunga duka mchana ilikuwa lini? Siku tulipomzika bibi yako.

Usidhani amekasirika. Jumanne alikata kitambaa cha fulana, akajishonea kitu cha kubana, akakivaa mkono wa kushoto ndani ya shati. Amekaa nacho siku mbili, anakunja mkono, anakunjua, anavua, anafumua, anashona upya. Nilimuuliza unafanya nini mzee mwenzangu, akasema, "Namtafuta yule mtoto anaumia wapi."

Kuna jambo nimemwambia akueleze kwa miaka ishirini. Kila nikisema, ananiambia bado. Jana nimemwambia tena, hakusema bado. Aliomba kalamu nzuri.

Kula. Usinidanganye kwamba unakula.

Mama yako


29 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba, na pole.

Nianze na kazi, maana ndiyo yenye tarehe.

Umesema kwamba ni mimi nilikufundisha vidole viwili. Ni kweli, na ni sahihi kwa shati la harusi. Sikukufundisha kwamba kuna nguo ambayo haitaki nafasi, kwa sababu sikujua kama ipo. Basi kosa tuligawane, nusu yangu. Kibao kinasema fundi na binti, hakisemi ni kwa sifa peke yake.

Sasa sikiliza. Usilegeze nguo, hamisha mshono. Ngozi ya kovu haina subira. Haijali sana kubanwa, kubanwa inazoea siku ya pili. Isichovumilia ni kitu chenye ukingo kinachopita juu yake kila mkono unapokunjwa. Pamba haisaidii, inaongeza unene tu. Utoe mshono ndani uugeuzie nje, kisha uuzungushe kabisa, ukwepe mkunjo, ukwepe kovu, upite nyuma upande wa nje wa kiwiko ambako ngozi yake ni nzima. Ukataji utakusumbua, kipande kitapinda kama mwezi mchanga. Unauliza utajuaje kukata kipande kama hicho? Unacho mwilini. Vua shati langu la kahawia, ligeuze nje ndani.

Huo si mtindo, mwanangu. Mmenicheka miaka yote na nikawaacha mcheke, hata mikono yote miwili nikaishona hivyo ili msijue ni upi unaoniuma. Ilinichukua mashati matano kupata pale mshono unapokaa kimya.

Sasa swali la dereva.

Sikuungua nikiwa kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na wewe ulikuwa unakaribia mitatu. Napiga pasi gauni la bibi harusi, pasi ya mkaa, upindo wa gauni unaning'inia mezani. Wewe ulikuwa chini unacheza na vifungo. Ukauona upindo unang'aa, ukauvuta. Pasi ikaja na gauni. Ilikuwa inakuja kichwani kwako. Niliweka mkono.

Ndiyo hivyo tu. Wewe hukupata hata alama. Ulilia kwa sababu mimi nilipiga kelele, kisha ukanipa kifungo ninyamaze. Kifungo hicho ninacho.

Niliwaambia watu niliungua zamani, nikaanza mikono mirefu. Sikulionea aibu kovu. Niliogopa siku utakayoniangalia mkono na kujihesabia kosa, wewe uliyekuwa hujui hata pasi inaitwaje. Nikasema nitamwambia akiwa na miaka kumi. Kumi ikaja, nikasema kumi na tano. Jambo kadiri linavyokaa linakuwa zito kulinyanyua. Halafu ukaandika kwamba kazi ya walioungua imekukumbusha mkono wangu, nikaandika "kila kazi ni kazi" na kuhamia kwenye habari za mvua. Naona haya kwa hilo kuliko yote.

Mwambie dereva asifanye kama mimi. Amwambie mapema, mtoto akiwa bado mdogo, waongee huku wanakula, kama habari ya kawaida: ulivuta waya, maji yakamwagika, mimi nilikuwa nimegeuka, sote tuliumia, sote tumepona. Akiambiwa leo ataona ni hadithi yake. Akiambiwa baadaye ataona ni hukumu.

Na wewe usiniandikie barua ya kuomba msamaha. Nikiiona nitairudisha bila kuifungua.

Baba yako


3 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo.

Umenikataza kuomba msamaha, siombi. Lakini hukunikataza kulia. Nililia nikiwa nimekaa kitandani na shati lako magotini, nimeligeuza nje ndani, na nikapitisha kidole kwenye ule mshono kuanzia kwapani mpaka kwenye kifundo. Nimelivaa miezi mitano. Jibu lilikuwa mgongoni kwangu na mimi natafuta uzi laini! Asante kwa kuweka mkono. Sina neno jingine, na hilo lenyewe naona dogo.

Sasa kazi. Nilinakili mkono wa shati kwenye karatasi, nikaupunguza kwa vipimo vya Bibi Maswali, vidole nimekunja ndani ya ngumi. Kipande kilipinda kama ulivyosema. Nilikikosea mara tatu, mara ya nne kikakubali. Bi. Milimita alikuwa anapita nyuma yangu na ile miwani ya kutuangalia sisi, na macho yake hayo, Baba, ni mabaya kuliko rula yako ya mbao.

Bibi Maswali alikuja akiwa amejiandaa kununa. Akavaa. Akakunja mkono, akakunjua, akakunja. Akauliza, "Mshono umeenda wapi?" Nikamwambia umehama nyumba. Akautafuta mwenyewe, akaupata nyuma ya kiwiko, akauliza kama unajisikia mpweke huko. Siku kumi na mbili zilizofuata hakuuvua ila kuoga. Juzi daktari amempima, kiwiko kimenyooka kidogo zaidi na wekundu umeanza kupungua. Atalazimika kuvaa miezi mitatu zaidi ya ilivyopangwa, na hiyo miezi mitatu ni yangu, sitaisahau. Nimemwambia mwenyewe, na baba yake akiwepo. Bibi Maswali aliuliza kama nilifokewa. Nikasema sana. Akaridhika.

Dereva nimempa maneno yako, neno kwa neno. Aliyasikiliza amesimama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakaa kitini. Jana mtoto akaja na kunitangazia, kabla hata ya salamu, "Unajua ni mimi nilivuta waya? Na baba alikuwa amegeuka!" Alivyosema ungedhani anahadithia safari ya kwenda kuona tembo.

Tarehe thelathini na moja Bi. Milimita aliniita. Nilijua ni ripoti, lakini akasema, "Vua hilo shati." Akaligeuza, akavaa miwani ya kitambaa, akaufuata mshono wa mkono mmoja, kisha wa pili, polepole. Akasema, "Aliyeshona hili aliungua." Nikasema ni baba yangu. Akalikunja, akanirudishia. Akasema, "Mwambie mshono uko mahali pake." Halafu akachukua ripoti akatia saini palepale, mwezi mzima kabla ya siku. Kosa langu limeandikwa humo, ukurasa wa pili, na chini yake mkono mpya umechorwa kwa kalamu yake mwenyewe. Futi amenirudishia. Karakana nzima sasa watoto wanakatiwa mshono wa nyuma.

Nina ombi. Mimi sirudi kushona magauni, ilinipasa kukuambia zamani, nikawa nakuacha uwaambie watu unavyotaka. Nataka kona dukani, ndogo tu, ya nguo za kubana, na nipeleke barua hospitali yetu wajue nipo. Kama kibao hakiruhusu, nitaelewa.

Nafika tarehe tano Septemba.

Mwanao,
Sindano


15 Agosti

Mwanangu Sindano,

Marahaba mara mbili, na nyingine weka akiba.

Nilimsomea Kinyozi ile sehemu ya saini. Alipiga yowe, mteja wake akaruka, sasa kuna mtu mtaani ana mtindo ambao hakuuomba. Sehemu nyingine nilimsimulia kwa maneno yangu, pamoja na ya pasi. Alizima mashine, akasema, "Miaka yote hiyo nilidhani wewe una baridi tu."

Kona uliyoomba nimekunyima. Kona inavuja. Nimekupa meza ya dirishani, nimeondoa vitambaa vyangu vyote, mama yako amesugua dirisha mpaka ndege wanaligonga. Magauni nitashona mimi mpaka macho yagome. Kibao hakina tatizo, kinasema fundi na binti, hakikusema binti atashona nini. Hospitali nimekwenda mwenyewe, nikiwa nimevaa vizuri. Muuguzi mkuu aliuliza, "Anakuja lini?" kabla sijamaliza sentensi. Wana watoto wanne wanaokusubiri.

Ile cherehani nyeusi nimeitia mafuta.

Sasa la mwisho. Jumamosi nilichukua shati langu la kijivu, nikaliweka mezani, nikalitazama kama mteja asiyejua anataka nini. Kisha nikakata mikono, yote miwili, juu ya kiwiko. Nilipinda, na kwa mazoea nikaacha akiba ya vidole viwili ndani, nikiona haya niteremshe. Baadaye nikacheka peke yangu, maana kwa vidole viwili ningeficha nini? Nimelivaa dukani siku nzima. Mtoto wa mteja mmoja alininyooshea kidole, akauliza nimefanya nini mkononi. Mama yake akamfinya. Nikamwambia mwache, ni swali zuri.

Nikamwambia, "Binti yangu alivuta gauni, na mimi niliwahi."

Lile la kahawia usilikate. Lirudishe kama lilivyo, tutalihitaji mezani kwako. Tarehe tano nitakuwa pale wanapotokea abiria, mbele kabisa, na nitapunga mkono wa kushoto.

Baba yako,
Fundi wa mikono mifupi